Swali nililomukataza Nsimire

Siku ya Jeudi, mangaribi

Mutoto wangu Nsimire ametoka kupasua karatasi ya kaye yake ya masomo, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza inayotikisika. Hakulia. Afazali angelia.

Mwalimu wake aliwaomba wanafunzi swali la kuchunguza juu ya teknolojia. Yeye alikuwa na lake: "Maman, juu ya nini ukiwa kwa dirisha simu yako inashika rezo ya minara ya Rwanda, na ukiwa jikoni inarudia ya kwetu Congo?"

Nilicheka. "Hiyo ni swali ya batoto. Andika: teknolojia ni nini?"

Mimi niliacha masomo mapema, niliwaza maneno makubwa ndiyo yanapendeza mwalimu. Leo amelisoma mbele ya darasa lote, mwalimu akamuambia: "Jibu iko mu diksionere. Sasa wewe utachunguza nini?" Wenzake wamemucheka.

Lile lake aliliona na macho yake, hapa mu nyumba yetu. Nililizima mimi.

Lundi, juma likianza, anaweza kupeleka lingine. Nimemupa simu, ameenda nayo kwa dirisha. Kuomba musamaha kwa mutoto ni kazi ngumu, acha nijaribu hapa kwa karatasi kwanza: mwanangu, swali lako lilikuwa

Ananiita. "Maman, rezo imehama! Kuya mbio na hiyo bic, niandike saa!" Ninaacha hapa, bic tuko nayo ni hii moja tu.