Chai Inayoulizwa Mara Moja

Mdogo wangu Saumu, hujambo? Zuhura, mjukuu wetu, ananiandikia na kunitafsiria.

Jana tulipeleka makapu ya kikundi chetu cha kina mama kwa mama mwenye duka mtaani Hockley, huku ng'ambo. Akiyapenda, tuna kazi mwaka mzima. Baridi inauma mpaka meno. Akaniuliza, "Utakunywa chai?" Nikasema, "Usijisumbue," nikingoja anibembeleze. Hakurudia! Akajimiminia yake, akanywa nikimtazama.

"Bibi, huku wanauliza mara moja tu," Zuhura akaninong'oneza, anacheka.

Kisha mwenye duka akauliza kama tutaweza kusuka makapu mengine mia. Nilishataka kusema tutaona, nikakumbuka chai. "Tutaweza!" Agizo ni letu.

Waambie kina mama waloweke miyaa ya kusukia leo hii. Na wewe ukija, jibu ndiyo upesi, usife kiu kama mimi. Nimekukumbuka, mkaidi wangu.

Dada yako, Mwanaidi