Landrova Yangu na Mkorosho wa Mama

Jumamosi, baada ya alasiri. Joto la kuita mvua, upepo hakuna hata wa kutikisa jani.

Tangu Masoko hadi Lindi mjini, uliza nani ameipa heshima barabara ya pwani hii. Utaambiwa ni mimi. Wakubwa wa serikali wana magari, sikatai, lakini wamepewa. Mimi landrova yangu nimeinunua mwenyewe, kwa korosho zangu, kutoka kwa Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Alinifundisha kuiendesha asubuhi moja tu, jioni akaondoka. Asubuhi moja! Wengine hufundishwa mwaka mzima na bado wanaparamia mikorosho. Nami nimesoma mpaka darasa la nne la mkoloni, ambalo kwa hesabu ya leo ni la kumi na mbili.

Mwaka ule wa mvua kubwa nilivuka Mto Mavuji maji yamefika kwenye usukani. Samaki waliingia dirishani, nikafika nyumbani na kitoweo. Mke wangu anasema samaki wale nilinunua njiani. Wanawake hawapendi miujiza.

Njia ya Kilangala, simba alisimama katikati ya barabara. Akanitazama, akaitazama landrova, akasogea pembeni kama karani aliyemwona bwana mkubwa.

Nalipenda gari hili, sifichi. Kila Ijumaa kabla ya msikiti nalifuta kwa mafuta ya nazi, mpaka mbuzi wanajitazama ubavuni. Likinguruma, hata jino langu bovu linaacha kuuma. Nikipita, watoto wanakimbia nyuma wanaimba, "Mjomba Landrova! Mjomba Landrova!" Nami nakaza shingo kana kwamba sisikii.

Lakini leo nalitazama lilivyosimama uwanjani, na sina hamu ya kuliwasha.

Jumatatu lori la oparesheni linapanda kule mlimani kwa mama. Watu wote wa kitongoji kile wanashushwa kijiji kipya cha ujamaa, hapa kando ya barabara. Mwenyekiti wa kijiji amekwisha sema: atakayekutwa amebaki atapakiwa na vyombo vyake, na paa litaezuliwa. Mwenyekiti si mtu mbaya. Ila akisema Jumatatu, ni Jumatatu.

Mama yangu hawezi kutembea. Mguu umevimba, Somoe dada yangu anamkanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni.

Leo asubuhi nilikwenda. Gari nikaliacha juu, kwenye barabara ya mlimani, kama kawaida yangu, nikashuka kwa miguu. Njia ya kwa mama ni nyembamba, inateremka moja kwa moja katikati ya kingo mbili mpaka mlangoni. Nyuma ya nyumba ni korongo. Na pale mbele ya mlango umesimama mkorosho mmoja mkubwa, matawi yake yamejaa uwanja wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Gari liko wapi?"

"Nimeliacha juu, linapumzika."

"Limechoka kunifuata mimi tu?"

Somoe akasema tumlaze kitandani, vijana wanne wambebe mpaka barabarani. Mama akamtazama kama aliyetukanwa. "Kitandani hubebwa maiti. Mimi bado nakula ugali." Nikagusia lori. "Lori ng'o! Mimi si gunia la korosho. Mwanangu ana gari. Atakuja nalo kesho hapa mlangoni, nipande kama bibi harusi, watu waone."

Nikasema ndiyo. Mjomba mzima, mwenye gari peke yake pwani yote, ningesemaje?

Kisha nikaukuna ukosi, nikasema, "Mama, huu mkorosho itabidi tuukate. Gari likifika hapa halina pa kugeuzia."

Somoe akaacha kukanda.

"Si lirudi kinyumenyume lilikotokea?" mama akauliza.

"Mlima huu mkali, mama. Gari litavunjika shingo."

Maneno yalitoka yenyewe. Sijui hata kama gari lina shingo.

Mama akautazama mti. Huu ndio hutangulia kuzaa kuliko mingine yote, ndio humvisha khanga kila Idi. Sasa hivi mabibo yanaiva, na mpango wao ulikuwa Somoe awe anapanda mlimani kuokota korosho hata baada ya kuhama. Nyumba wanaiacha, miti wanatumaini hawaiachi.

"Niliupanda siku nilipokuachisha ziwa," akasema. "Ulilia kutwa. Nikakufunga mgongoni, nikachimba shimo ukiwa unanilia sikioni. Huu na wewe ni ndugu." Akavuta pumzi. "Basi kata, baba. Kama gari la mwanangu haliwezi, mti ni kitu gani? Ila nipeleke kwanza chumbani, nisione. Somoe, lete kikapu, tuokote zilizodondoka."

Akaanza kuziokota mwenyewe, kwa kujiburuza.

Sikuweza kukaa pale. Nikasema nafuata shoka.

Shoka ndilo hili, lipo kiti cha mbele, pale anapostahili kukaa mama.

Nimezunguka gari mara nyingi sana tangu nirudi. Nimekagua tairi, nimekagua maji, nimeyafuta mataa yaliyokuwa safi. Mke wangu kaniuliza natafuta nini. Nimemwambia natafuta msumari.

Watu wanadhani uwanja wangu nimeutoboa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea kwa ajili ya ukubwa. Kule Masoko nilipoingia kichochoro cha sokoni na kukuta ukuta, vijana wakalisukuma mpaka nje, nikawaambia nimewapa heshima ya kulishika. Walishukuru. Ni Issa tu, jirani yangu seremala, aliyewahi kufanya utingo wa lori, ndiye hanipi raha. Juzi tu kwenye kahawa alisema mbele za watu, "Mjomba, hili gari lako limeumbwa bila kisogo? Siku zote linatazama mbele tu!" Wakacheka. Nikawaambia dereva wa kweli hutazama aendako. Wakacheka tena, ila mimi nilikunywa kahawa ile kama dawa.

Vijana wa kusukuma kesho hawatapatikana, kila mtu anabeba milango na mitungi yake. Na hata wangepatikana, kwenye mchanga wa mlima ule hakuna awezaye kusukuma gari kupanda.

Nikiukata mkorosho, hakuna atakayejua. Mama atapanda, watu wataona, watoto wataimba. Nami kila Idi nitamtazama mama na khanga yake ya zamani, na nitajua.

Nimelichukua shoka, nimelirudisha stoo.

Jua bado liko juu kidogo. Namsikia Issa anapiga randa. Nitakwenda nimwambie anisindikize uwanja wa mpira, tukiwa wawili, kabla ya magharibi. Atacheka mpaka aketi chini. Atawasimulia kwenye kahawa mpaka mfungo uje. Acha acheke, mradi anioneshe leo, na kesho mti wa mama ubaki umesimama.

Naandika hapa kwanza, ili mdomo uzoee kabla sijafika kwake.

Mimi, mvuka Mavuji, niliyepishwa na simba, gia ya nyuma sijawahi kuipata hata siku moja.