Kwa Nini Walimuua Mfalme Wao

Dada Zuhura mpenzi,

Shikamoo kutoka Doha, ambako nguo hukauka kabla hujamaliza kuianika. Lile swali la wanafunzi wako nimemuuliza Mfaransa anayeoka mikate hapa hotelini kwetu: kwa nini Wafaransa walimuua mfalme wao wakati wa yale mapinduzi ya zamani?

Akaacha kukanda unga. “Mkate ulikuwa ghali, watu wana njaa, na mzigo wa kodi wakabebeshwa wanyonge. Hata hivyo walimvumilia. Lakini alipojaribu kutoroka, na majeshi ya kigeni yakaja kumtetea, wakamwita msaliti.”

“Wewe ungemuua?”

“Hapana. Alikuwa na watoto.” Akageuka kufuta macho, maana wanawe wako mbali, kama wangu.

Akanimegea mkate wa moto, tukala. Nikakukumbuka wewe unayenilelea wanangu. Nibusie hao watoto, dada. Mungu akuzidishie.

Mdogo wako, Rehema