Shingo ya Jogoo wa Babu

Jumanne, 10 Desemba

Inzi wa nne. Amezama kama wenzake watatu. Nilimweka kwenye beseni la maji, nikahesabu: moja, mbili, tatu, chini. Kitabu kinasema aelee kama mtu anayenyata kwa ncha za vidole. Wangu anasimama kwa kichwa.

Kitabu hiki nilikikuta stoo ya shule yetu Nachingwea, ndani ya boksi lililoliwa na mchwa. Hakina jalada. Mwalimu wa maktaba aliniruhusu nije nacho likizo huku Mbwemkuru kwa babu, kwa sababu tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kukiomba. Kinafundisha kufunga inzi bandia: ndoana ndogo, uzi, manyoya, mpaka samaki aamini ni mdudu aliyetua juu ya maji. Samaki wenyewe ni trauti, wa mito ya baridi. Hapa hakuna trauti. Hapa kuna perege na kambale, na mto uliobaki madimbwi mpaka mvua ije. Najua. Kila mtu ananieleza kana kwamba sijui.

Kosa ni manyoya. Nilitumia ya kuku jike, laini, yanakunywa maji. Kitabu kinataka ya shingo ya jogoo, marefu, magumu, yenye kung'aa. Jogoo hapa ni mmoja tu. Mwekundu. Wa babu.

Jumatano, 11 Desemba

Nimenyofoa manane. Halafu mengine kumi na mawili. Inzi mmoja anahitaji mawili tu, lakini mikono yangu inaharibu manne kabla ya kufunga mmoja. Kitabu kina picha ya jiliwa dogo la kubania ndoana. Mimi nina plaizi ya babu iliyokazwa kwa mpira wa baiskeli, na inaachia kila ninapopumua.

Jogoo alinitazama kwa dharau muda wote. Upande wa kushoto wa shingo umebaki kipara. Sikukusudia kufika huko. Kitabu hakisemi mwisho ni wapi.

Inzi wa sita ameelea mpaka kumi na moja. Kisha chini.

Alhamisi, 12 Desemba

Babu amemwona jogoo. Nilikuwa napuliza moto jikoni. Nikangoja aniite.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika goti lake bovu. "Myao huyo. Alisema jogoo wangu anatembea kama mwari. Sasa amemnyoa kabisa."

Myao ni Mzee Issa, jirani yetu. Sisi Wamwera. Ni watani, yeye na babu, tangu kabla mama hajazaliwa. Wanaibiana, wanatukanana, wanazuliana vifo, na mwiko ni mmoja tu: kukasirika.

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka. Babu akasema, "Mke wangu, mbona moshi unakuingia mdomoni?" Ananiita hivyo kama babu wote wanavyowaita wajukuu zao wa kike. Nikafunga mdomo. Alikuwa na furaha, nikajiambia hakuna aliyeumia isipokuwa jogoo.

Jioni babu aliingia uani kwa Mzee Issa, akang'oa siti ya baiskeli yake, akachomeka gunzi la muhindi mahali pake. Alirudi anatembea kama kijana.

Ijumaa, 13 Desemba

Sura ya saba inasema kichwa cha inzi kipakwe vanishi ili uzi usifunguke. Sina vanishi. Nikavunja korosho mbichi, nikapaka mafuta ya ganda.

Mtoto wa miaka mitatu wa wilaya hii anajua mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Mimi, wa kidato cha tatu, nilisoma sura nzima ya vanishi na kulisahau hilo. Kidole gumba kimetoka lengelenge. Naandika kwa shida na sistahili kuhurumiwa.

Jumapili, 15 Desemba

Mzee Issa amejibu siti. Jana aliwaambia watu sokoni Ruangwa kwamba babu amefariki. Leo asubuhi shangazi yake mama alishuka kwenye bodaboda akilia, na kilo tano za unga kichwani. Alimkuta marehemu anakula mihogo.

Watu walicheka sana. Shangazi alicheka wa mwisho, ila alicheka. Babu akaenda mpakani, pale viwanja vyetu vinapokutana, kumpa Mzee Issa ushindi wake. Nilikuwa nafagia, nilisikia kila neno.

"Shingo ya jogoo, sawa. Msiba, sawa. Umenishinda, Myao."

"Jogoo gani?"

"Jogoo wangu uliyemnyofoa."

"Sijamgusa jogoo wako mimi."

"Acha hizo."

"Wallahi sijamgusa."

Babu hakucheka tena. Alirudi, akakaa, hakumaliza mihogo.

Nikiandika hapa nitaelewa vizuri. Mtani akikufanyia jambo, husema ni yeye. Ndiyo maana halihesabiwi ubaya. Akikana, na tena kwa kiapo, basi si utani tena, na mtu anaanza kujiuliza manyoya ya shingo ya jogoo yalichukuliwa kwa kazi gani. Babu hakulitaja neno lenyewe. Alimfungia jogoo ndani ya nyumba, chumba cha bibi, ambacho hakijafunguliwa tangu bibi afariki.

Kazi yenyewe ni inzi. Wamo saba kwenye kopo la Blubendi chini ya kitanda changu.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimeandika hotuba. "Babu, naomba nikueleze jambo kuhusu jogoo." Nimeikariri. Nimemsogelea babu. Nimesema, "Babu, naomba," akasema, "Naomba na mimi, chai." Nikachemsha chai.

Sijipendi.

Jumanne, 17 Desemba

Babu na Mzee Issa wamepishana njiani bila salamu. Mtoto wa jirani alikuja mbio kuniambia kana kwamba ni habari ya redioni.

Si jambo dogo. Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, wazee hawa wanapanda pamoja. Siku moja shamba letu, siku ya pili la Mzee Issa. Babu ana goti bovu, hawezi kuinama siku nzima. Mzee Issa haoni vizuri, mistari yake huenda kama nyoka asiposhikiwa kamba. Peke yao hakuna hata mmoja anayefika mbali. Mawingu yameanza kujaa. Babu anayatazama, anasugua goti.

Kwa sababu ya manyoya ishirini na kitu.

Na inzi bado wanazama! Hata wa jogoo. Nimeanza kuamini aliyeandika kitabu hiki hajawahi kuona maji ya vuguvugu.

Jumatano, 18 Desemba

Leo nimeamua kuanzia kwa Mzee Issa. Nilifika uani kwake saa nne. Hayupo. Yupo mke wake, Bi Somoe, anamenya vitunguu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa na babu yako?"

Lilikuwa swali jepesi. Ningesema hapana, nimejileta. Nilisema, "Naomba kitunguu."

Akaweka kisu chini. "Kwenu hakuna kitunguu?" Kisha akanipa viwili, bila kisirani. "Mwambie Mmwera asiyesalimia kwamba vitunguu si vyake, ni vyako."

Nilirudi navyo. Nimekaa kitandani nikivitazama na kujitukana kwa lugha mbili. Ganda la juu likabanduka mkononi. Kahawia, jepesi, linapitisha mwanga, lina mishipa. Nililitazama kama dakika tano kabla sijajua nimeliona wapi.

Bawa la kumbikumbi.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimekuwa mjinga kwa siku kumi. Nilikuwa nafunga mdudu wa mto wa watu wengine. Perege wa hapa hajawahi kumwona mdudu yule, amwonee njaa ya nini? Mvua ya kwanza ikinyesha kumbikumbi wanatoka vichuguuni, wanaangukia mtoni, na madimbwi yanachemka kwa samaki. Hata mimi nimeliona hilo toka utotoni. Nililiona na sikulisoma.

Mabawa manne ya ganda la kitunguu, yamechovywa kwenye nta ya mshumaa. Kiwiliwili ni uzi wa kahawia wa cherehani, niliokuja nao kutoka kwa mama. Akazama. Nikataka kulia. Halafu nikaona ndala ya babu iliyokatika, imetupwa nyuma ya choo. Nikaosha, nikakata kipande chembamba cha sponji, nikakizungushia uzi.

Nimemweka kwenye beseni. Nikahesabu mpaka mia mbili. Nikaenda kuchota maji, nikarudi. Bado anaelea.

Hana hata unyoya mmoja. Manyoya hayakuhitajika.

Ijumaa, 20 Desemba

Bi Somoe alipita na ndoo, hakuingia. Babu amesema atapanda peke yake. Alijaribu jembe uani, mashimo sita, akakaa chini. Nikamwambia nitasaidia. Akasema wewe ni wa vitabu.

Wingu jeusi upande wa Ruangwa. Kesho nitasema. Nimejiambia "kesho" mara nne tangu wiki iliyopita, nimehesabu.

Jumamosi, 21 Desemba

Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi hewa yote imejaa mabawa. Watu wametoka na mabeseni na ndoo. Mimi nilitoka na mwanzi, mshipi na kopo la Blubendi.

Dimbwi lilikuwa linatoboka kila mahali, midomo midogo juu ya maji. Nilimrusha inzi, akatua ubavu. Perege akamgusa, akamwacha. Nikamnyoosha mabawa. Nikarusha tena, nikavuta mapema. Mara ya tatu nikasubiri, nikauma ulimi ili nisivute, na maji yakajifunga juu yake kwa sauti ndogo kama mtu anayebusu.

Perege. Upana wa kiganja changu. Mabawa ya kitunguu yanachungulia pembeni ya mdomo wake. Sijawahi kushika kitu nilichokisoma.

Sikumtoa ndoana. Niliondoka naye hivyo hivyo, mbio, kabla ujasiri haujaisha.

Kichuguu kikubwa kiko mpakani, nusu kwetu, nusu kwa Mzee Issa. Kila mwaka wanakinga kumbikumbi pamoja, beseni moja. Leo walisimama kila mtu upande wake na beseni lake. Babu alikuwa anasema atachimba mfereji wa mpaka. Mzee Issa alikuwa anasema achimbe, na asisahau kujizika humo. Zamani maneno hayo yangekuwa mzaha.

"Manyoya nilinyofoa mimi," nikasema.

Hawakusikia. Ilibidi nirudie kwa nguvu. Hakuna adhabu kama kuungama mara mbili. Bi Somoe na majirani wakageuka. Nikaeleza kila kitu, vibaya, kuanzia mwisho. Nikanyanyua samaki.

Mzee Issa alimsogeza machoni kabisa, akavuta bawa kwa kucha.

"Kwa hiyo haya ni manyoya ya jogoo."

"Hapana. Ganda la kitunguu. Alinipa Bi Somoe."

"Na tumbo?"

"Ndala."

"Ya nani?" akauliza babu.

"Yako."

"Na manyoya yako wapi?"

"Hayakuhitajika, babu."

Kumbikumbi walikuwa wanatambaa mikononi mwetu. Mzee Issa ndiye aliyeanza, sauti nyembamba ya puani, kisha mabega, kisha akaweka beseni chini kabisa ili acheke vizuri. Babu alikaza uso kadiri alivyoweza.

"Wiki nzima ananiona mchawi," Mzee Issa akawaambia watu. "Baiskeli yangu ina gunzi. Jogoo ni wangu, namchukua leo."

"Mchukue, Myao. Yuko uchi, mtafanana."

Wakamwaga mabeseni mawili kwenye moja.

Njiani babu alitangulia, hakunisubiri. Nilijua sijasamehewa bado. Kwenye mkorosho wa mwisho akasema, bila kunitazama, "Mjukuu naye ni mtani. Ungesema siku ile ile, ningecheka mwezi mzima."

Nilijua. Nililijua jambo hilo maisha yangu yote.

Jumatatu, 23 Desemba

Jana tulipanda kwetu. Leo kwa Mzee Issa. Babu alishika kamba, Mzee Issa alichimba, mimi na Bi Somoe tulifukia mbegu. Jogoo alizunguka uani kwa wenyeji wake wapya. Kwenye kipara yameanza kuchomoza manyoya, kama ncha za sindano.

Mzee Issa ameniomba inzi wawili. Nimempa watatu.

Jioni nilienda kuchukua ndala zangu kwenye ukingo wa shamba. Ya kushoto imekatwa kisiginoni. Kipande chembamba, kilichonyooka, cha ukubwa wa kumbikumbi, hakipo.

"Mimi," alisema babu, kabla sijauliza.

Nikazivaa. Tukarudi polepole, yeye na goti lake, mimi na ndala yangu.