Aproni Zilizobaki Ukutani

Bweni la Wajenzi,
Chumba cha mwisho,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu kabla ya yaliyonileta. Kizunguzungu kimepungua? Shemeji na wajukuu hawajambo? Mimi nipo, nashukuru, ila uso wangu sijui niuweke wapi.

Wiki iliyopita nilikupigia simu nikakukataza kuwekewa betri ya moyo, ile ya kurekebisha mapigo, nikasema hospitali zinabahatisha tu. Ukanisikiliza, ukaahirisha siku yako. Dada, nilikupotosha.

Siku hiyo nilikuwa nimeanguka kazini, nikawa kitandani hospitalini tayari kuwekewa yangu. Ukutani zimetundikwa aproni nzito za madini ya risasi, za kujikinga, na daktari na nesi hawazigusi. Sisi kwenye jengo, fundi akipanda bila kofia ngumu tunajua ameidharau kazi. Nikasema hawa wamenidharau mimi, mbeba zege. Nikabandua nyaya za kifuani, nikatoka na gauni la hospitali, mgongo wazi, wagonjwa wanacheka. Hasira hiyo ndiyo niliyokupigia nayo simu.

Alhamisi nikaanguka tena, na ndoo ya zege begani. Wenzangu wakanirudisha kwa watu walewale. Nesi, ambaye ni mjamzito, hakuninunia.

"Mzee, zile aproni ni za kutukinga sisi na mionzi ya eksirei. Siku hizi mashine inachora ramani ya moyo wako, waya wa betri tunauona unakopita bila kuwasha eksirei. Ndiyo maana nasimama hapa na tumbo hili."

Kweli, moyo wangu ulikuwa kwenye skrini, wanaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilitamani kitanda kinimeze.

Betri ilipokwisha kuingia nikamwomba nesi radhi, nikamweleza na habari yako. Akanijibu:

"Mimi nimeshakusamehe. Na dada yako je?"

Ndiyo maana nakuandikia.

Labda huko kwenu bado wanatumia eksirei. Nesi anasema hilo lisikutishe, mgonjwa anapigwa mionzi mara moja, wao ndio wanaoshinda humo kila siku. Lakini usiende kwa neno langu, limeshakuponza. Muulize daktari wako. Akikupangia siku, usinipigie kwanza. Nipigie ukishatoka.

Msalimie Shemeji. Mama Mdogo mwambie Mbishi wake amepata dawa ya ubishi. Mungu akushikie huo moyo mpaka ufike mikononi mwa madaktari.

Mdogo wako akupendaye kwa haya nyingi,
Mbishi