Wanja wa Arubaini

Jumatano, Kikwajuni

Iling'ara. Nimerudia mara tatu, kila mara kwa kichupa nilichokisafisha mwenyewe, na mara zote iling'ara kijani chini ya taa ya urujuani. Dawa tunayoitengeneza maabara haing'ari hivyo mpaka ikutane na madini ya risasi. Nimezoea kupimia maji ya visima. Leo nimepimia wanja wa Mama, niliouchota kidogo kwenye kidau chake.

Ndio wanja anaotaka kumpaka mtoto wa dada yangu Ijumaa, akitimiza arubaini.

Nilipofika nyumbani nilimwambia, "Risasi ni sumu, Mama. Kwa kichanga ndiyo mbaya zaidi."

Hakuniangalia hata. "Bibi yako kanipaka mimi, na mimi nikakupaka wewe. Mbona umesoma mpaka leo unanisomesha mimi?"

Nilikasirika, nikataka kutoka nje. Halafu nikaona kutoka kwangu ni woga tu. Nikafunga madirisha, nikatoa mkobani taa na vichupa viwili vya dawa: kimoja nimekichanganya na maji matupu, cha pili na wanja wake niliouyeyusha. Nikawasha.

Cha maji hakikung'ara; cha wanja kikang'ara kijani. Mama akakitazama kile cha pili. Akauliza taratibu, "Na wewe niliyekupaka, mwanangu?"

Nikazima taa. Naogopa, sikatai. Lakini kidau cha wanja kiko mezani kwangu sasa, kanipa kwa mkono wake, na Ijumaa mtoto atatolewa nje bila wanja machoni.

Kesho asubuhi nakwenda kupimwa damu. Mama keshalitoa buibui lake, tufuatane.