Maoni Kumi na Moja ya Mgeni wa Nne

Kashikishi, 3 Juni 2024

Kwa mutoto wangu Noëlla,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Uko muzima? Kile kikohozi kiliisha? Huku tuko wazima, ni magoti tu yanamsumbua mama yako, na bado haachi kwenda sokoni.

Ile nyumba ya kukaushia samaki mliyochora kwenye biro yenu, ofisi ya wachoraji huko Lusaka, nimeiona kwenye simu ya Mutale, karani wa chama cha akina mama. Inapendeza kutazama. Kwa kuwa kuijenga ni kazi yangu, nilifanya kama ninavyofanya tangu tulipokuwa Pweto, kabla ya kuhamia huku Zambia: nikasimika vijiti, nikazungusha kamba ya wavu kwa vipimo vyenu, nikawaita akina mama waingie na mabeseni vichwani. Mama Cadette, kiongozi wao, alikwama mlangoni. Akaniuliza, "Fundi, hii mulango ni ya nani? Shiye na mabeseni tutapita wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana kuna baya zaidi. Mwezi wa nne ziwa lilifika pale kilipo sasa kijiti changu cha tatu. Nusu ya sakafu yenu itakuwa majini, na chisense wao, wale samaki wadogo wanaowalisha watoto, watawaozea humo. Panueni mlango. Rudisheni nyumba nyuma hatua ishirini.

Baba yako

Lusaka, 11 Juni

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Kikohozi kimekwisha, mwambie asiwe na wasiwasi, na ajipake ile dawa ya magoti niliyotuma.

Baba, siku hizi mchoro si karatasi ya mtu mmoja. Uko kwenye intaneti, mmoja tu, na sote tumo ndani yake: mhandisi yuko Ndola, wafadhili wako ng'ambo, mimi niko hapa. Anayetaka kitu kibadilike anaandika maoni yake juu ya mchoro, na wote wanayaona. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayeyapitia na kuyafunga. Nikihamisha nyumba nzima kwa barua ya baba yangu, watasemaje? Tayari kuna wanaonong'ona kwamba kazi ulipewa kwa ajili yangu. Tafadhali usiniaibishe. Mutale nimemtumia anwani ya mchoro. Andika humo kama wengine.

Mutoto wako,
Noëlla

Kashikishi, 1 Julai

Noëlla,

Sisi wazima, natumaini nawe pia. Leo sina maneno matamu.

Nimeandika kama wengine. Nilikaa na Mutale asubuhi nzima kwenye kichuguu nyuma ya soko, pale mtandao unapokubali, na kidole changu hiki kinene kikikosea herufi mpaka mwenzangu akachoka. Maoni kumi na moja! La mlango, la maji, la ukuta unaozuia upepo, na mengine. Kwa kuwa sina barua pepe, mashine ilikataa jina langu, ikaniita Mgeni wa Nne. Nikasema haidhuru. Miaka ishirini na mitano niko Zambia, jina hilo nimeshalizoea.

Jumamosi Mutale alikuja mbio: yote kumi na moja yana alama ya kijani, "Imeshughulikiwa". Nikawatangazia akina mama, wakapiga vigelegele. Leo umefika mchoro mpya. Mlango ni uleule, sakafu iko palepale. Nani alishughulikia nini? Huyo mtu amewahi kuona samaki akianikwa? Niliwapa akina mama neno langu, na sasa Mama Cadette ananipita bila salamu, mbele ya watu. Mtafute huyo, umwambie kwamba ni mwongo. Wiki ijayo wanataka nichimbe msingi. Sichimbi.

Baba yako

Kashikishi, 15 Julai

Kwa biro ya wachoraji, Lusaka.

Salamu. Wiki mbili Noëlla hajajibu, kwa hiyo nawaandikia ninyi wote.

Ijumaa wenye mradi wameleta fundi mwingine. Barua niliyopewa inasema nimegoma bila sababu, kwani maoni yote kutoka eneo la kazi "yameshughulikiwa". Nimejenga kwa miaka thelathini, hakuna ukuta wangu ulioanguka, na leo naambiwa sina sababu! Fundi wao amechimba shimo la kwanza. Kwenye kina cha mkono mmoja limejaa maji, na huu ni wakati wa kiangazi. Bado anachimba.

Mgeni wa Nne

Lusaka, 22 Julai

Baba,

Nashindwa hata kukusalimu. Mama hajambo?

Uliniambia nimtafute. Nilimpata siku ileile barua yako ilipofika, kwa sababu mashine huandika jina la kila anayefunga maoni. Ni mimi, Baba. Ilikuwa Ijumaa, biro inakaribia kufungwa. Niliona "Mgeni", nikadhani ni mpita njia. Niliyafunga yote kumi na moja kwa dakika mbili, bila kusoma hata moja. Mimi niliyekuambia uandike humo. Kisha nikaona haya kukuandikia, na wakati naona haya wakakuondoa kazini.

Leo nimeyafungua yote. Juu ya kila moja nimeandika: Gustave Mwenze, fundi, Kashikishi. Chini yake nimeandika kwamba nilifunga bila kusoma. Mhandisi na wafadhili wameona. Picha ya ziwa tuliyochorea ilipigwa mwezi wa kumi, maji yakiwa yamepungua, na hakuna aliyeuliza. Uchimbaji umesimama. Kuhusu kazi yako wanasema watatazama. Kuhusu yangu pia. Nitafika Alhamisi ya tarehe moja.

Mutoto wako,
Noëlla

Kashikishi, 27 Julai

Noëlla,

Mama yako hajambo. Ametukasirikia sote wawili.

Mimi hasira haijaniisha, nisikudanganye. Barua yako nimewasomea akina mama kwa sauti, hata pale pa dakika mbili. Halafu Mama Cadette akasema, "Muzuri. Aingie yeye mwenyewe." Fundi wao alikuwa ameng'oa vijiti vinne, nimevirudisha.

Ukifika, kompyuta ikae mkobani. Beseni lako liko tayari, lile kubwa, na litajaa samaki wabichi. Utalitia kichwani, uje kwenye mlango uliouchora, na wote watakuwepo. Mutale atakusomea maoni yangu, moja baada ya jingine, polepole. Beseni halishuki mpaka afike la kumi na moja.

Baba yako